Samurai Wakimaliza Kazi, Wanaenda Wapi?

Juzi mvua ilitukamata Matulo, ile mvua ya jioni ya pande zetu ambayo haikupi hata nafasi ya kuvuka barabara ya Kitale. Tukajibana ndani ya kinyozi, watu kama kumi na wawili, wengi wao waendeshaji bodaboda. Mwenye kinyozi akasema kama tumeamua kukaa, tuchange mbao mbao atuwekee sinema. Kila mtu alitaka ya kupigana. Mimi nilikuwa na flashi mfukoni, nikasema nina moja ya samurai. Wakashangilia. Sikuwaambia kwamba ni ya mwaka 1954, haina rangi, na inachukua saa tatu na dakika 27.

Ilipoanza tu, wakataka pesa zao zirudi. "Wandayi, hii umeitoa makumbusho?" mmoja akaniuliza. Lakini mvua ilikuwa inazidi, na hakuna aliyekuwa na pa kwenda. Tatizo la pili: wanaongea Kijapani, na yale maandishi ya Kiingereza ya chini yanapita mbio. Sisi tumelelewa na DJ Afro, tumezoea sinema yenye mtu wa kukusimulia. Kwa hivyo nikasimama kando ya runinga nikawa DJ wa usiku huo, kwa Kiswahili, Sheng, na Lubukusu kidogo pale iliponoga. Niliacha chuo mwaka wa pili karo iliponishinda, lakini Kiingereza cha kusoma haraka kilibaki. Angalau siku hiyo kilinipa kazi.

Sinema yenyewe ni Samurai Saba, ya Akira Kurosawa. Kama umewahi kuona picha ya Wamarekani saba wenye farasi na bastola wanaokodiwa kulinda kijiji cha Meksiko, The Magnificent Seven ya 1960, basi jua waliitoa hapa. Ukiona filamu yoyote ambapo mtu mmoja anazunguka kukusanya timu ya wapiganaji mmoja mmoja, kila mmoja na kipaji chake, jua Kurosawa alipita hapo mapema.

Stori ni hii. Mwaka ni 1586. Japani imekuwa vitani kwa zaidi ya miaka mia moja, mabwana wakipigana wao kwa wao. Majambazi wamesimama juu ya kilima na farasi wao, wanatazama kijiji cha wakulima. Mkubwa wao anakumbuka kwamba walipavamia hapo si muda mrefu, wakabeba mchele wote. Kwa hivyo wanakubaliana wangoje shayiri ikomae ndipo warudi.

Hapo kinyozi kizima kilicheka, maana hiyo hesabu tunaijua. Mwizi wa mahindi wa huku kwetu pia haji Mei. Anakuja mahindi yakishakauka shambani, wakati wewe umeshamaliza kulima, kupalilia na kulipa deni la mbolea.

Wakulima wanalia, wanabishana. Wengine wanasema tuwainamie, wengine tupigane. Mzee wa kijiji anawaambia watafute samurai. Wanamuuliza, tutawalipa nini? Anajibu kwamba watafute samurai wenye njaa. Samurai ni mtu wa kuzaliwa katika tabaka la upanga, lakini bwana wake akishindwa vita, yeye anabaki barabarani bila mshahara. Wajapani wanamwita ronin. Ni kama afisa aliyefutwa kazi akabaki na sare. Wanapatikana saba. Malipo ni chakula, basi. Ili wageni wale wali, wenye mpunga wenyewe wanarudi kula mtama.

Ukitulia utaona kitu ambacho sinema haikipigii kelele. Majambazi 40 na samurai saba hawako mbali sana. Wote ni wanaume wa silaha katika nchi iliyochoshwa na vita. Wote wana njaa. Wote wanakula jasho la mkulima. Tofauti ni kwamba mmoja alikaribishwa na mwingine alivunja mlango.

Halafu kuna Kikuchiyo. Huyu ndiye tuliyempenda wote. Mlevi, mropokaji, anatembea na upanga mrefu kupita kimo chake, anajiita samurai. Anatoa karatasi ya ukoo kuthibitisha. Wenzake wanaisoma, wanapiga hesabu, wanakuta mwenye hiyo karatasi angekuwa mtoto wa miaka 13. Ameiokota au ameiiba. Basi wanaanza kumwita hilo jina la kwenye karatasi, Kikuchiyo, kwa kumcheka, na linamganda. Mpaka sinema inaisha hatulijui jina lake la kweli.

Siku moja Kikuchiyo anagundua wakulima wameficha mavazi ya vita na silaha. Walizipata wapi? Waliwaua samurai waliojeruhiwa waliopita hapo wakikimbia. Wale samurai wa kweli wanakasirika, mmoja anasema angetamani kuwaua wanakijiji wote. Kikuchiyo analipuka. Anawaambia, kwa ufupi, ndiyo, mkulima ni mwongo, ni mchoyo, ni mwoga, na anaua. Lakini nani alimfanya hivyo? Ni nyinyi. Nyinyi mnaochoma vijiji vyake, mnaobeba chakula chake, mnaochukua wanawake wake. Akimaliza anakaa chini analia, na hapo ndipo wenzake wanaelewa kwamba yeye mwenyewe ni mtoto wa mkulima.

Nilikuwa bado natafsiri hayo maneno stima ikapotea.

Tukabaki gizani, mvua ikipiga mabati. Kulikuwa na brathe mmoja kwenye kona, bodaboda mwenzetu, ana miaka thelathini na kitu. Kwao ni upande wa Cheptais, kule Mlima Elgon. Alikuja huku Webuye akiwa darasa la tano, na mamake na mifuko miwili. Pale stejini sisi humwita Janja. Utani tu, tulikuwa tunajiambia. Kwa asiyejua, wakati wa ile vita watu waliliita lile kundi la mlimani Janjaweed.

Akauliza polepole, "Na hao samurai wakimaliza kazi, wanaenda wapi?"

Hakuna aliyejibu. Akaendelea, "Kwetu walianza hivyo hivyo. Walisema wanatulinda."

Hiyo sentensi ndiyo imenifanya niandike. Wengi wa umri wangu tulikuwa watoto wadogo, na shuleni hatukufunzwa, ingawa mlima wenyewe unaonekana kutoka barabarani asubuhi kukiwa wazi. Kwa hivyo nitaeleza kwa ufupi.

Mwaka 1971 serikali ilianzisha mradi wa makazi wa Chebyuk, kule Mlima Elgon, ili kuwapa ardhi watu waliotolewa Chepkitale, juu kwenye moorlandi ya mlima. Tangu hapo ardhi hiyo imegawanywa, ikafutwa, ikagawanywa tena, awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara kuna aliyepata na kuna aliyefukuzwa kwenye shamba alilolilima miaka mingi. Awamu ya tatu ilipofika, vijana waliokataa kuondoka wakachukua bunduki. Wakajiita Sabaot Land Defence Force, yaani jeshi la kulinda ardhi ya Wasabaot. Tazama hilo jina. Kulinda.

Mwanzoni wako waliowaunga mkono, kwa sababu malalamiko ya ardhi yalikuwa ya kweli. Lakini jeshi halili malalamiko. Linakula mahindi, ng'ombe na pesa. Wakaanza kutoza watu kodi. Waliokataa, au walioshukiwa kuongea na polisi, walipigwa, walikatwa masikio, waliuawa. Uchaguzi wa 2007 ukaja na bunduki zikaingia kwenye siasa. Kati ya 2006 na 2008, kwa hesabu za mashirika ya haki za binadamu, kundi hilo liliua watu zaidi ya 600, na makumi ya maelfu wakakimbia makwao. Wengi wa waliouawa walikuwa Wasabaot wenyewe, wale waliosemekana wanalindwa.

Machi 2008 serikali ikatuma jeshi. Operesheni ikaitwa Okoa Maisha. Mei mwaka huo kiongozi wa wapiganaji, Wycliffe Matakwei, akauawa, na kundi likasambaratika. Watu wengi walishangilia, na siwezi kuwalaumu. Lakini Julai 2008 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyosema wanaume na wavulana walikusanywa kwa maelfu, wakapelekwa kambi ya kijeshi ya Kapkota, wakapigwa na kuteswa, na wengine hawakuonekana tena. Wakuu wa jeshi na serikali walikanusha. Mwaka 2011 shirika hilo lilirudi, likakuta familia bado zinatafuta watu wao. Wengine walichukuliwa na kundi, wengine na askari.

Kwa hivyo brathe alipouliza samurai wakimaliza wanaenda wapi, hakuwa anauliza habari za Japani. Kwao walinzi walikuja mara mbili, na mara zote mbili mwanakijiji ndiye aliyelipa.

Sasa, kuna msomaji ataniambia, wewe unachanganya mambo. Jambazi ni jambazi, na serikali ni serikali. Ndugu yangu, sisi watu wa Bungoma tunafaa kuwa wa mwisho kusema hivyo. Elijah Masinde, mwana wa Kimilili, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, aliitwa mhalifu na wakoloni, akapelekwa hata hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathare. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wa dini hiyo pale Malakisi, watu 11 wakafa. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akazuiliwa mpaka Lamu, mbali kabisa na kwao, na hakurudi hadi 1961. Na baada ya uhuru, mwaka 1968, serikali ya Waafrika wenzake ikaipiga marufuku tena. Leo hapa kwetu wazee wanamtaja kwa heshima. Kwa hivyo neno "mhalifu" likitoka mdomoni mwa mkubwa, lipime kwanza.

Unapima vipi? Mimi kipimo changu nimekitoa kwenye hii sinema. Usiangalie anajiitaje wala anaitwaje. Angalia ghala la maskini. Anayekuja na silaha akaacha ghala la maskini likiwa tupu, huyo ni jambazi, awe na bendera, awe na sare, awe na hoja nzuri ya ardhi. Kwa kipimo hicho Masinde na vijana wa Matakwei hawawezi kukaa benchi moja, hata kama wote walizungumza kuhusu ardhi iliyochukuliwa.

Stima ilirudi, tukamaliza sinema. Watu hawakuwa wanacheka tena kama mwanzo. Kuna mkulima anaitwa Rikichi ambaye muda wote hataki kuulizwa habari za mke wake. Wanapoenda kuchoma ngome ya majambazi, mwanamke anatokea mlangoni, anamwona Rikichi, halafu anageuka anarudi ndani ya moto. Ni yeye. Majambazi walikuwa wamemchukua. Hakuna aliyehitaji tafsiri yangu hapo. Brathe alikuwa ameinamisha kichwa.

Mwisho wanashinda. Majambazi wote 40 wanakufa. Samurai wanne kati ya saba wanakufa pia, na Kikuchiyo ni mmoja wao. Cha kushangaza, wote wanne wanauawa kwa risasi. Hakuna hata mmoja anayeshindwa kwa upanga. Wakulima wanaanza kupanda mpunga huku wakiimba. Wale watatu waliobaki wamesimama chini ya makaburi ya wenzao, hakuna anayewatazama. Mkubwa wao, Kambei, anasema walioshinda ni wakulima, si wao. Basi hilo ndilo jibu la sinema kwa swali la brathe. Hawana pa kwenda. Wanarudi barabarani na njaa yao.

Na historia ya kweli ni ngumu zaidi. Mwaka 1588, miaka miwili tu baada ya mwaka wa sinema, mtawala wa Japani Toyotomi Hideyoshi aliamuru wakulima wote wanyang'anywe panga. Kuanzia hapo mkulima alitakiwa abaki mkulima na samurai abaki samurai. Hideyoshi mwenyewe hakuzaliwa kwenye ukoo mkubwa, alipanda kutoka chini kabisa wakati wa vita. Alipofika juu, akavuta ngazi. Mtu kama Kikuchiyo hangepata tena hata nafasi ya kudanganya.

Ngazi kuvutwa juu ni kitu ambacho kijana wa Webuye anakielewa bila mhadhara. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper kilifungwa mwaka 2009, na mji mzima ukajua maana ya ronin. Wazee waliokuwa na kazi ya maana wakabaki na kumbukumbu na deni. Watoto wao ndio sisi tunaogombania abiria mmoja pale Matulo. Kijana mwenye nguvu, asiye na mshahara, asiye na bwana, anayedharauliwa kutwa nzima. Huyo anaweza kuwa mlinzi au akawa jambazi, na mara nyingi kinachoamua ni nani alifika kwanza na sahani ya chakula.

Na wako wanaojua hesabu hiyo kutuliko. Juni 17, 2025, jijini Nairobi, tuliona vijana wamepandishwa pikipiki, wana rungu na viboko, wanapiga waandamanaji wa umri wao wenyewe. Uchaguzi wa Agosti 2027 uko njiani. Kuanzia Bungoma mpaka Kitale, mtu atasimamisha gari stejini, ateremshe kioo, aulize nani anataka kazi ya siku mbili. Hatasema ni kazi ya kupiga watu. Atasema ni ya kulinda mheshimiwa. Kulinda, tena.

Msimamo wangu ni huu. Ukiulizwa hivyo, uliza swali la brathe kabla hujapanda gari. Kazi ikiisha, mimi ninaenda wapi? Mheshimiwa ataapishwa, utarudi stejini hapa hapa, na yule uliyempasua kichwa ni mteja wako au binamu yako. Kama aliyekukodi hana jibu la swali hilo, hana kazi ya kukupa. Ana matumizi yako tu.

Kwa viongozi wa kaunti na serikali kuu, maneno yangu ni machache. Kuwaua au kuwafunga majambazi hakumalizi kinachowazaa. Matakwei alikufa 2008. Kufikia 2018 magazeti yalikuwa yanaripoti genge jipya pande zile zile za Cheptais, likiitwa Forty Brothers, yaani ndugu arobaini. Idadi ni ile ile ya majambazi wa Kurosawa, na sidhani kama kuna aliyeiona sinema. Ugomvi wa mashamba ya Chebyuk umalizwe, kila mwenye haki ashike hati yake. Na familia zilizopoteza watu ziambiwe ukweli. Sheria ya Kenya inamhesabu mtu kuwa amekufa akikosa kuonekana kwa miaka saba, lakini ni familia inayopaswa kwenda kuomba hivyo. Kuna wajane ambao hawawezi kurithi shamba bila kwanza kusimama mbele ya ofisa na kusema mume wangu amekufa, wakati hakuna aliyewahi kuwaonyesha kaburi. Kazi hiyo isiachiwe mjane peke yake. Serikali iliyokuwa na lori za kubebea wanaume inaweza kupata gari la kupeleka wakili na karani wa korti mpaka Cheptais.

Na sisi wa stejini tuna sehemu yetu. Mvua ilipopungua, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mtu akaita kwa mazoea, "Janja, twende!" Brathe akawasha pikipiki bila kugeuka. Miaka yote hiyo tumemwita mtu kwa jina la wale waliomfukuza kwao, na yeye alikuwa anaitika kwa sababu hangetaka kukosa abiria. Tulimpa jina la kuokota, kama Kikuchiyo, tukacheka, likamganda.

Kesho yake nilimfuata nikamwomba msamaha. Akaniambia nisijali, ni utani wa stejini. Halafu akaniambia jina lake, la kwanza na la babake. Sitaliandika hapa, ni lake. Lakini stejini sasa tunalitumia, na anayesahau analipa chai.